Vile ploti 4 Zimmerman tulipatana kutunza nyuki

Malenge yangu yalikuwa yanatoa maua hadi unashangaa, lakini kaboga kakifika saizi ya kidole gumba kanageuka manjano kanaanguka. Nikaongeza mbolea, nikaongeza maji, wapi. Kumbe shida ni nyuki hawafiki kubebesha maua chavua. Kashamba kangu kako nyuma ya ploti hapa Zimmerman, na nyuki wa asali hutafuta chakula kilomita 2 au 3 kutoka kwao, yaani anavuka Thika Road bila nauli, so jirani akimwaga sumu mimi pia nimemwagiwa. Ikabidi tufanye pamoja.

Hatua ya 1: hesabu kwanza

Ua la malenge hufunguka alfajiri, ikifika saa sita limeshafunga, kwa hivyo amka mapema, keti hapo na chai dakika 15 uandike nani amekuja. Kuna nyuki wa asali, kuna wale weusi wakubwa wanaovuma kama pikipiki (usiwaue, hao ndio wanabebesha pasheni, nyuki mdogo mara nyingi anachukua chavua na kwenda zake), kuna nzi na vipepeo. Siku yangu ya kwanza nilipata nyuki wawili. Ukienda kwa jirani usimpe hotuba ya mazingira, mwonyeshe tu kale kaboga kameanguka, mama mboga wa hapa kwetu alielewa kabla sijamaliza kuongea.

Hatua ya 2: dawa, KABLA ya maua

Hapa ndio nilichoma. Nilianza na kupanda alizeti na mrihani, nyuki wakaja wengi, nikafurahi, halafu keateka wa ploti ya pili akapiga dawa ya vidukari saa nne asubuhi jua limewaka. Jioni nikaokota nyuki waliokufa nikajaza kifuniko cha chupa. Yaani niliwaita karamu ndio wakule sumu. Na keateka hakuwa mbaya, hakuna mtu alikuwa amemwambia kitu.

So keti na makeateka wote, na landilodi kama anapatikana, na mkubaliane hivi: hakuna kunyunyiza ua lililofunguka, ikibidi sana ni baada ya saa kumi na mbili jioni nyuki wakiwa wamerudi kwao, na anayetaka kupiga dawa anasema kwa grupu ya WhatsApp siku moja mbele. Vidukari wa sukuma wanatolewa na maji ya sabuni, piga chini ya jani, rudia baada ya siku chache.

Kitu kimoja soma kwa lebo ukienda agroveti: imidakloprid, sumu ya kuua wadudu. Hiyo inaingia ndani ya mmea hadi kwa chavua na nekta, kwa hivyo hata ukipiga usiku bado nyuki ataipata asubuhi. Umoja wa Ulaya walikataza isitumike nje mashambani 2018. Sisi tuliamua isiingie ploti zetu kabisa, na kuna mzee mmoja alibisha wiki mbili nzima, ni sawa, mwishowe alikubali.

Hatua ya 3: maua, kwa zamu

Kila ploti ichukue msimu wake. Mshubiri unasaidia wakati wa kiangazi, jakaranda za mtaa zinabeba Septemba na Oktoba, na sukuma na dania zilizozeeka usizing'oe, acha zitoe maua. Kishona nguo pia, acha kidogo kwa kona ya fensi hata kama inakera suruali.

Hatua ya 4: makao

Nyuki wengi hawaishi mzingani, aina nyingi zinachimba mchanga, sasa sisi Nairobi tunafunika kila mahali na kabro. Tuliomba landilodi atuachie kipande cha mita 2 hivi karibu na ukuta, penye jua. Weka gogo kavu kwa wale weusi, na beseni la maji lenye mawe ya kutua. Maji badilisha kila siku mbili, yakizaa mbu mtu ataleta dawa na mtarudi hatua ya 2.

Hatua ya 5: kundi la nyuki likitua kwa geti

Hapa watu hukimbilia mafuta ya taa. Usichome, usirushe mawe, hao nyuki wetu ni wakali wakichokozwa. Funga hiyo njia, toa watoto na mbwa, pigia mfuga nyuki simu. Mara nyingi wanapumzika tu siku moja au mbili wakienda kwingine. Namba ya mfuga nyuki itafute mapema, yetu tumeibandika kwa mlango wa keateka, chini ya ile ya fundi wa maji.