Somo: jiaozi za nguru na kamba, chini krispi juu laini

Haya wadau, kaeni mkao wa kula, leo nawapa hii kitu mwanzo mwisho maana nimechoka kuulizwa nusu nusu. Jiaozi ni zile za Kichina, unga umekunjwa nusu mwezi ndani kuna nyama, na huku Qingdao ninakokaa, mji wa baharini mkoa wa Shandong, ndani wanapenda sana kuweka samaki. Tena samaki mwenyewe ni ndugu yake nguru wetu kabisa, wao wanamwita bayu. Siku ya kwanza nimemwona sokoni nikasema huyu si nguru huyu, mwili uleule mrefu, mkia uleule, ila wa huku ana madoa madoa ubavuni na wa kwetu ana mistari. Wanamheshimu huyo samaki! Msimu wake ukifungua, mwezi wa nne hivi, mwanaume aliyeoa anabeba bayu mzima mkubwa anampelekea baba mkwe, na wana msemo wao kwamba bayu akiruka baba mkwe anacheka. Kwa hiyo ukienda ukweni na mikono mitupu mwezi huo shauri yako.

Kawaida bayu jiaozi zinachemshwa. Mimi nazipenda zile za kukaanga, guotie, maana yake kama "iliyogandia sufuria", na aliyenifundisha ni mama wa nyumba ya chini, nilimzoea nikawa namwita ayi, ndo kama kusema mama mdogo. Kabla hajanifundisha nlishajaribu mwenyewe nikaharibu. Nilimimina mafuta kibao kama nakaanga sambusa, jiaozi zikatoa maji ya samaki humohumo, mafuta yakaanza kuruka, mkono ukaungua hapa kwenye kifundo alama ipo mpaka leo, na mwisho wa siku ganda limekuwa gumu kama biskuti ya jeshi ndani samaki mbichi. Ayi alivyoona akacheka akasema we mtoto, ukrispi wa hii unatoka kwenye maji, sio kwenye mafuta. Sikumwelewa. Mtaelewa mkifika kwenye kukaanga.

VITU (zinatoka kama 40)

Ganda: unga wa ngano gramu 300, huuhuu wa chapati, usichukue wa keki ulioshatiwa baking powder. Maji yaliyochemka ml 120, maji ya baridi ml 50, chumvi kidogo.

Ndani: nyama ya nguru gramu 250 ukishatoa ngozi na miba, kamba gramu 100 waliomenywa, ute wa yai moja, soya sosi kijiko kimoja kikubwa, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, pilipili manga, mafuta ya ufuta kijiko kimoja cha chai, mafuta ya kula vijiko viwili vikubwa, na jiucai gramu 80. Jiucai ni majani bapa yana harufu ya saumu, ukikosa weka majani ya kitunguu na punje moja ya saumu iliyopondwa. Wenyeji wengi hapa wanatia mafuta ya nguruwe kwa sababu huyu samaki mkavu, mimi Muislamu natia hayo mafuta ya kula na ute wa yai na haikauki.

Maji ya viungo: ml 50, umechemsha na tangawizi na huajiao kidogo (zile punje zinazotia ulimi ganzi), ukachuja, yakapoa.

Maji ya kumwagia: maji ml 120, unga wa ngano kijiko kimoja kikubwa, konfulawa kijiko cha chai, mafuta kijiko cha chai. Hiyo inatosha kikaango kimoja cha jiaozi 12 hivi, ukikaanga mara ya pili unakoroga nyingine.

GANDA

Mwaga maji ya moto kwenye unga huku unakoroga na kijiti, usitie mkono utalia. Likishakuwa mabonge bonge tia ya baridi, kanda dakika tano. Ukiona bado gumu loanisha mkono tu, usimwage maji tena. Maji moto yanaupika unga kidogo, ndo maana ganda linakuwa laini halivutiki kama mpira, kama wale wanaokanda chapati kwa maji ya moto. Za kuchemsha wao wanakanda na ya baridi ili zisichanike kwenye maji yanayotokota, za kukaanga hapana. Funika na bakuli, liache nusu saa. Msiruke hiyo nusu saa jamani, donge ambalo halijapumzika ukilisukuma linarudi.

NYAMA YA NDANI

Hapa ndo penyewe. Nguru usimkate vipande, mpasue katikati, mlaze ngozi chini, chukua kijiko umkwangue kuanzia mkiani kwenda kichwani, nyama inatoka yenyewe imesagika na ngozi na miba inabaki kwenye kibao. Ukikutana na ile nyama nyeusi nyeusi ya ubavuni iache, ndo inayoleta shombo. Pitisha kisu juu juu kidogo, tia kwenye bakuli na chumvi na soya sosi, alafu anza kukoroga upande mmoja. Upande mmoja tu! Maji ya viungo unatia kijiko kimoja kimoja, unakoroga mpaka yamenywewa ndo unatia kingine. Kama dakika nane mkono unauma, ila unaona nyama inaanza kung'aa na kunata, ukinyanyua kijiko inavutika kama ugali mwepesi wa mtoto. Maji hayo ndo yanakuja kuwa mchuzi ndani. Ute wa yai unafuata, koroga tena.

Kamba mimi nawakatakata vipande kama punje za mahindi ili ukitafuna uwasikie, ukiwasaga na samaki umewapoteza bure na bei yao mnaijua. Tia kamba, tia mafuta yote. Majani yanaingia mwisho kabisa wakati unakaribia kukunja, maana yakikutana na chumvi mapema yanatoa maji na kila kitu kinakuwa uji. Kaanga kijiko kimoja uonje chumvi, usionje mbichi.

KUKUNJA

Viringisha donge liwe kama nyoka mrefu, kata vipande 40 (kama gramu 12 kimoja), kandamiza na kiganja, sukuma na fimbo ya chapati ila pembeni pawe pembamba kuliko katikati. Ayi anazungusha ganda kwa mkono wa kushoto huku fimbo inaenda na kurudi kwa wa kulia, sekunde tatu limeisha, mimi langu mpaka leo linatoka ramani ya Tanzania lakini linakunjika. Weka nyama kijiko cha chai kimoja kilichojaa, kunja, bana katikati kwanza alafu pembeni, marinda yakikushinda bana tu bila marinda hakuna polisi. La muhimu likalie kitako, chini pawe bapa, maana hapo ndo patakapokuwa krispi.

KUKAANGA

Kikaango kisichoshika, moto wa kati, mafuta vijiko viwili vikubwa. Mafuta yakipata moto panga jiaozi kwa mduara, acha dakika mbili mpaka chini paanze rangi. Koroga tena yale maji ya unga (unga huwa unazama chini, msisahau), mwaga yafike kama robo ya kimo cha jiaozi, funika hapohapo. Dakika saba. Zinaiva kwa mvuke na usifunue funue, ndo kosa la wengi.

Funua. Utaona mapovu mengi, sikilizia: mwanzoni inabubujika kama maji, baadae sauti inabadilika inakuwa ya kukaanga, chwaaa. Maana yake maji yameisha, yamebaki mafuta na kale ka unga kembamba chini kanakotoboka toboka kama lesi. Punguza moto kidogo, subiri dakika mbili tatu mpaka pembeni kaanze kujinyanyua kenyewe na rangi iwe kahawia ya asali. Funika na sahani, geuza kama unavyogeuza mkate wa kumimina. Ukigonga na kijiti inalia kama karatasi.

MASWALI YENU

Mdau Mombasa: huajiao hapa sijawahi kuiona, niweke nini?
Tangawizi tu na pilipili manga inatosha. Usitie masala ya pilau tafadhali, itakuwa sambusa ya samaki, nzuri lakini ni kitu kingine.

Mdau Dar: naweza kutumia manda za sambusa nikaokoa muda?
Hapana dada yangu. Manda zimeshapikwa juu ya chuma, kavu, ukizibana hazishikani, na ukimwaga maji zinakuwa uji. Bora ukande, unga wenyewe 300 tu.

Mdau Mwanza: huku bahari hatuna, sangara anafaa?
Anafaa sana, nyama yake inakoroga vizuri, punguza mafuta kidogo kama ni minofu ya tumboni. Sato nae sawa ila ana maji, hivyo maji ya viungo tia nusu.

Mdau Muscat: nimefuata kila kitu lesi ikang'ang'ania kikaango, nikaipakua vipande vipande.
Kaka uliwahi. Ikiwa bado imeshika maana yake bado ina maji, ngoja ijiachie yenyewe. Na kama kikaango chako kimekwaruzwa na kijiko cha chuma basi hata usubiri mpaka asubuhi haitoki.

Mdau Unguja: pweza je? Au ngisi?
Ngisi ndio, mkatekate badala ya kamba. Hapa Qingdao kuna jiaozi maarufu za ndugu yake ngisi, mwenye wino mwingi, ule wino wanakandia ganda linakuwa jeusi tii, mgeni anaogopa kula. Pweza sikushauri, mpaka alainike ganda limeshaungua.

Mdau Nairobi: zikibaki nazihifadhi aje?
Zigandishe mbichi. Panga kwenye sinia lenye unga zisigusane, friza mpaka ziwe mawe, ndo utie kwenye mfuko. Siku ya kula usiziyeyushe, kaanga hivyohivyo, ongeza maji kidogo na dakika tatu za kufunika.

Mdau Tanga: mwanangu akila nguru anawashwa midomo na uso unakuwa mwekundu, lakini sio kila siku. Ni mzio?
Mama, kama sio kila siku inawezekana ni samaki aliyekaa juani. Nguru na jodari wasipowekwa barafu mapema wanatengeneza kitu kinaitwa histamini, na hiyo hata umkaange masaa mawili haitoki. Nunua aliye kwenye barafu, fika nae nyumbani haraka. Ila mtoto mpeleke kwanza hospitali wamwangalie ndo umpe tena, na kama kamba nao wanamsumbua waache kabisa.

Mdau Dar tena: chachandu yake hujaandika!
Nlisahau kweli. Siki nyeusi vijiko viwili, soya sosi kimoja, saumu iliyopondwa, mafuta ya ufuta matone. Ukikosa siki nyeusi tumia ya kawaida nusu nusu na maji, na sukari kidogo sana. Chovya ule upande laini wa jiaozi, lesi usiichovye italainika, na usiimwagie hiyo siki kwenye sahani ntakuja kukuibia.