Ukipangiwa kazi Vailima, nje kidogo ya Apia

Ukipata kazi SPREP, shirika la mazingira la nchi za Pasifiki, ofisi yako itakuwa Vailima, mlimani juu ya Apia, mji mkuu wa Samoa. Utadhani umehamia kitongoji cha jiji. Hapana, umehamia kijijini kwa watu. Apia haina meya wala halmashauri. Ni vijiji vilivyoshikana, na mwenye kauli kijijini ni fono, baraza la matai, yaani wakuu wa koo. Sheria ya mwaka 1990 inalitambua, na faini zake hulipwa kwa pesa, nguruwe, hata makatoni ya samaki wa kopo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi, muulize mwenye nyumba kama ardhi ni ya ukoo au ya hati, na ni matai gani wa kwenda kumsalimia. Ya ukoo ni takriban asilimia 80 ya nchi nzima, na haiuzwi. Atakayekuahidi kukuuzia, mkimbie.

Jua likizama, vijiji vingi husimama kwa sa, sala ya familia isiyozidi nusu saa. Kengele au baragumu likilia ukiwa njiani, tulia ulipo hadi sala iishe. Vijana wa kijiji huwa kandokando ya barabara wakiangalia nani anakatiza. Ukialikwa kwenye fale, nyumba isiyo na kuta, vua viatu, kaa chini ukunje miguu, usiwaelekezee watu nyayo. Ukilazimika kupita mbele yao, inama useme “tulou”. Aliyelelewa Pwani hatapata tabu, na kikoi chake kitamfaa: wanaume hapa huvaa lavalava hadi ofisini.

Jumapili sahau maduka. Ni kanisa, kisha to'ona'i, mlo wa mchana uliookwa kwa mawe ya moto: shelisheli, magimbi, na majani yake machanga yaliyofungiwa tui la nazi. Kula.

Malaria haipo, dengi ipo, basi chandarua usikiache. Magari hupita kushoto kama kwetu, tangu Septemba 2009. Viza ya kupita Auckland au Sydney iulizie kabla ya kukata tiketi.

Simu za nyumbani piga jioni: saa mbili usiku Apia ni saa nne asubuhi Nairobi, siku hiyo hiyo. Ukipiga asubuhi saa tatu, kule ni saa tano usiku wa jana, na mama atadhani kuna msiba.