Kulinganisha kwa Kiingereza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Msemaji wa Kiswahili

Kiswahili hakibadilishi kivumishi kinapolinganisha. Tukisema "Asha ni mrefu kuliko Juma", neno "mrefu" limebaki vilevile lilivyokuwa kabla Juma hajatajwa, na kazi yote ya kulinganisha imebebwa na "kuliko". Wakati mwingine tunaikabidhi kazi hiyo kwa kitenzi, kama katika "Asha amemzidi Juma kwa urefu". Kiingereza kinataka mambo mawili yafanyike pamoja: kivumishi chenyewe kibadilike, kisha neno "than" lifuate. Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika "Asha is tall than Juma". Wametafsiri "kuliko" kwa usahihi, lakini wameliacha neno linalolitangulia bila kuliongezea chochote, kama tunavyofanya sisi tunapozungumza. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata maswali ambayo msemaji wa Kiswahili anapaswa kujiuliza, kwa mfuatano, kabla ya kuandika sentensi yake.

Hatua ya kwanza: tambua unalinganisha nini

Jiulize kama unaeleza sifa ya mtu au kitu, au namna kitendo kinavyofanyika. Kiswahili kinatupa kipimo kizuri. Iwapo neno lako linachukua upatanisho wa nomino, kama "mzuri", "kizuri" au "nzuri", hicho ni kivumishi. Iwapo linaanza na "vi-" bila kujali nomino iliyotajwa, kama "vizuri" na "vibaya", au linaundwa kwa "kwa", kama "kwa uangalifu", hicho ni kielezi. Anayesema "dereva huyu ni mwangalifu zaidi" ataandika "this driver is more careful", lakini anayesema "dereva huyu anaendesha kwa uangalifu zaidi" ataandika "this driver drives more carefully". Usiendelee mbele kabla ya kulijibu swali hili.

Hatua ya pili: hesabu silabi kwa sikio

Umbo la ulinganisho katika Kiingereza hutegemea zaidi idadi ya silabi, na hapa ndipo penye mtego mkubwa kwetu. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na kila irabu iliyoandikwa hutamkwa. Kwa hiyo msomaji wetu akiliona neno "large" huona irabu mbili, akahesabu silabi mbili, akaandika "more large". Irabu ya mwisho ya neno hilo haitamkwi kabisa. Lina silabi moja tu, sawa na "wide", "safe" na "strange". Kinyume chake, neno "strong" lina konsonanti tatu zinazoongozana mwanzoni, nasi tukilitamka kwa kuchomeka irabu kati yake na mwishoni mwa neno linakuwa na silabi nne, ilhali kwa Mwingereza ni silabi moja. Lisikilize neno likitamkwa na mtu anayelijua, au tumia kamusi yenye sauti, kisha hesabu irabu ulizozisikia, si zile unazoziona.

Hatua ya tatu: neno la silabi moja huongezewa "-er"

"Tall" huwa "taller", "cheap" huwa "cheaper", "slow" huwa "slower". Neno likiishia kwa "e", ongeza "r" peke yake: "larger", "safer". Likiishia kwa irabu moja iliyofuatwa na konsonanti moja, konsonanti hiyo huandikwa mara mbili: "bigger", "hotter", "thinner". Kanuni hii haizihusu "w", "x" na "y", wala haimgusi "clean", kwa sababu kabla ya konsonanti yake ya mwisho kuna irabu mbili. Maneno machache ya silabi moja hukataa "-er" na kutaka "more", yakiwamo "wrong", "real" na "fun", pamoja na yale yaliyotokana na vitenzi, kama "bored".

Kuna jambo la matamshi ambalo msemaji wa Kiswahili hulipata kwa urahisi kuliko wageni wengine. Neno "long" huishia kwa sauti ya "ng'" kama ya "ng'ombe", lakini "longer" hutamkwa kwa "ng" ya "ngoma". Ndivyo ilivyo pia kwa "stronger" na "younger".

Hatua ya nne: neno la silabi mbili

Anza kwa kutazama mwisho wake. Likiishia kwa "y", ibadilishe iwe "i", kisha ongeza "-er": "easy" huwa "easier", "heavy" huwa "heavier". Mengi yanayoishia kwa "-ow" na "-le" hufuata njia hiyohiyo ya kuongezewa mwishoni, kama "narrower" na "simpler". Yanayoishia kwa "-ful", "-less", "-ous", "-ing" na "-ed" hutumia "more": "more useful", "more famous", "more boring", "more worried". Yapo yanayokubali njia zote mbili, kama "polite", "common" na "quiet". Ukisita kwa neno la silabi mbili lisiloishia kwa "y", chagua "more". Mara chache sana utaonekana umekosea.

Hatua ya tano: neno refu hutumia "more", na "more" pekee

Maneno ya silabi tatu na kuendelea hayaongezewi kitu mwishoni: "more expensive", "more beautiful", "more difficult". Tofauti ndogo ni maneno kama "unhappy", ambayo bado huruhusu "unhappier".

Hapa "zaidi" yetu hutuponza. Kwa kuwa neno hilo hukaa vizuri kando ya kivumishi chochote cha Kiswahili, mwanafunzi hulitafsiri kuwa "more" kila mahali, hata pale ambapo kivumishi tayari kimechukua "-er", na matokeo yake ni "more taller" na "more better". Katika Kiingereza cha miaka ya 1500 maumbo kama hayo yaliandikwa hata na watu wasomi, lakini Kiingereza sanifu cha leo hakiyakubali. Chagua njia moja. Kwa upungufu, "less" hutumika mbele ya kivumishi: "less expensive". Katika mazungumzo, hata hivyo, watu hupendelea kusema "not as expensive as", na hiyo ndiyo inayosikika kwa upole zaidi.

Hatua ya sita: yasiyofuata kanuni

Haya ni ya kukariri tu: "good" na "well" huwa "better", "bad" na "badly" huwa "worse", "far" huwa "farther" au "further", "little" huwa "less", "much" na "many" huwa "more". Kwa vitu vinavyohesabika tumia "fewer", kwa visivyohesabika "less": "fewer cups", "less sugar".

Hatua ya saba: vielezi

Vielezi vingi vinavyoishia kwa "-ly" hutumia "more": "more quickly", "more clearly". Vile vyenye umbo moja na kivumishi chake huchukua "-er": "faster", "harder", "later", "earlier". Mwenye kufanya kazi kwa bidii zaidi "works harder". Usijaribu kuunda kielezi hicho kutokana na "hardly", kwa sababu neno hilo lina maana ya "kwa shida sana" au "karibu kutofanya kabisa", na sentensi yako itamgeuza mchapakazi kuwa mvivu.

Hatua ya nane: kamilisha sentensi

Andika "than", si "then", ambalo maana yake ni "kisha". Ukitaka kukuza tofauti, usitumie "very". Tunasema "mkubwa sana kuliko", lakini Kiingereza husema "much bigger than" au "far bigger than", na kwa tofauti ndogo "a bit bigger than". Kipimo kamili nacho hutangulia: Kilimanjaro una mita 5,895 na Mlima Kenya mita 5,199, hivyo "Kilimanjaro is 696 metres higher than Mount Kenya". Ukiulinganisha na milima yote ya Afrika, andika "higher than any other mountain in Africa". Bila "other" utakuwa umeulinganisha mlima na nafsi yake.

Mwisho, hakikisha pande mbili zinalingana. "The weather in Nairobi is cooler than Mombasa" imelinganisha hali ya hewa na mji. Kiswahili chetu kisingeruhusu jambo hilo, kwa kuwa tungesema "kuliko ya Mombasa", na ile "ya" ndiyo unayopaswa kuitafutia nafasi: "cooler than that in Mombasa". Vivumishi vichache, kama "senior", "junior", "superior" na "inferior", havitumii "than" kabisa bali "to", kwa hiyo aliyekuzidi cheo kazini "is senior to you".