Kukabiliana na Metali Nzito kwa Chakula, Pale Vidonge vya Lishe Vinapokushinda

Watu ambao matumbo yao hayavumilii vidonge vya lishe hupata shida ya pekee wanapoambiwa kwamba miili yao ina metali zenye sumu kama risasi au zebaki, kwa sababu ushauri wa kwanza wanaopewa huwa ni kununua vidonge na poda za kusafisha mwili, vitu vilevile vinavyowaletea kichefuchefu, kuharisha au vipele. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Figo na ini ndivyo vinavyoitoa metali, tena polepole, kwa njia ya mkojo na ya nyongo inayotoka pamoja na choo. Virutubisho husaidia zaidi katika kuibana metali mpya isipate nafasi ya kuingia, na kazi hiyo inawezekana kwa chakula kinachopikwa katika nyumba yoyote ya Dar es Salaam.

Kabla ya chakula, tafuta sumu inakotoka. Shemeji yangu anafungua betri kuukuu za magari, na kwa miaka mingi alikuwa akirudi nyumbani na nguo alizoshinda nazo kazini. Siku moja dada yangu alikunjua pindo la suruali yake ili aifue, vumbi la kijivu likamwagika sakafuni, mahali palepale ambapo mtoto wao alikuwa akijifunza kutambaa. Hakuna lishe inayoweza kushindana na vumbi linaloletwa ndani kila jioni, hasa kwa kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Sasa shemeji huoga na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani, nguo za kazi zina beseni lake, na sakafu hupigwa deki kwa maji kwa sababu ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani.

Vyanzo vingine havionekani kwa urahisi hivyo. Sufuria za kusubu zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu zinaweza kutoa risasi, hasa zikipikiwa vitu vichachu kama ukwaju, ndimu na nyanya. Mkorogo na sabuni za kung'arisha ngozi huweza kuwa na zebaki. Manjano ya unga yamewahi kukutwa na rangi yenye risasi katika nchi za Asia ya Kusini, kwa hiyo ni salama zaidi kununua mizizi mizima na kuisaga mwenyewe. Mboga zinazolimwa kando ya Mto Msimbazi zimepimwa na kukutwa na metali, na ile iliyokwisha kupanda kupitia mizizi haiondoki kwa kuoshwa. Muulize muuzaji mchicha wake unatoka wapi. Udongo wa kula, ule ambao wajawazito wengi huununua sokoni, ningependa uachwe kabla ya kitu kingine chochote, kwani unaweza kuwa na risasi na aseniki, na papo hapo unazuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Usijitibu kwa kukisia. Kipimo cha risasi kinachoaminika ni cha damu ya mshipa. Kipimo cha mkojo unaokusanywa baada ya kumezeshwa dawa ya kuvuta metali hakifai, kwa kuwa dawa hiyo hupandisha kiwango hata kwa mtu mwenye afya njema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linaelekeza kwamba mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu atafutiwe chanzo na chanzo hicho kiondolewe, na kwamba mtoto aliyefikia 45 apewe dawa maalumu ya kuvuta risasi. Dawa hizo ni za hospitalini tu: mwaka 2005 huko Marekani mtoto wa miaka mitano alifariki baada ya kudungwa aina isiyo sahihi, iliyoporomosha kalsiamu katika damu yake.

Sasa tuje kwenye chakula. Risasi hupita katika utumbo kwa kutumia njia zilezile zinazopitisha madini ya chuma na kalsiamu, kwa hiyo mwili wenye njaa ya madini hayo huzifungua njia hizo zaidi na kumkaribisha mgeni asiyetakiwa. Tumbo tupu nalo hufyonza risasi kwa wingi zaidi, na ndiyo maana ninasisitiza kifungua kinywa, hasa kwa mtoto na kwa fundi anayetoka alfajiri. Uji wa ulezi ni chaguo zuri sana, kwani ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka tunazozoea. Ukiuacha unga wake uchachuke usiku mmoja, madini yake hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Mchana, maharage au kunde zilizolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji yake, pamoja na mboga za majani na pera moja au chungwa, hukupa chuma pamoja na vitamini C inayokisaidia kuingia. Chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo, maana chai ya rangi na ya maziwa zote hukizuia chuma hicho. Mayai, mbegu za maboga na mtindi huongeza zinki, protini na kalsiamu.

Kwa upande wa zebaki, suala kubwa ni aina ya samaki. Ukifika soko la samaki la Feri, waache papa, nduaro na jodari wakubwa, uchukue dagaa na vibua, ambao wameishi muda mfupi na hawajalimbikiza sumu, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri cha kalsiamu.

Kama daktari ameona upungufu ambao chakula peke yake hakiwezi kuuziba, anza na kidonge kimoja tu, kwa dozi ndogo mliyokubaliana, ukipe juma zima kabla ya kuongeza kingine, na uandike kila siku ulichokula na ulivyojisikia. Nilipopewa vidonge vya chuma nikiwa mjamzito nilitapika kila asubuhi, nikaviacha kimyakimya, na hilo lilikuwa kosa langu. Nilipomweleza mkunga aliniambia nivimeze usiku baada ya chakula, na nikavimaliza. Wengine hushauriwa kumeza siku moja na kuruka siku moja. Zinki ikimezwa bila chakula huchafua moyo, na vitamini C ikizidi gramu 2 kwa siku huharisha. Mwenye selimundu asimeze chuma bila kupimwa, na mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ajiepushe na vitamini C ya dozi kubwa, inayoweza kuvunja chembe zake za damu. Poda za udongo zinazouzwa kama dawa ya kusafisha mwili ziache kabisa, kwani baadhi zimekutwa na risasi yenyewe.

Subira inahitajika. Chanzo kikishaondolewa, risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, na zebaki ya samaki kwa takriban siku 50, lakini risasi iliyojificha mifupani hukaa miaka mingi na huweza kurudi kwenye damu wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Mama wa aina hiyo ahakikishe hakosi kalsiamu. Rudia kipimo kwa tarehe utakayopangiwa. Mtoto akipata degedege, akilegea au akitapika mfululizo, au mtu mzima akishikwa na maumivu makali ya tumbo pamoja na kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ukieleza waziwazi kazi inayofanywa nyumbani kwenu na vitu vyote alivyomeza.