Namna ya Kujiandaa Kuwa Mpokeaji wa Futiboli ya Ukumbini Ukiwa Uganda

Kijana wa Kampala, Jinja au Arua anayetaka kuishi kwa kudaka mpira katika futiboli ya Kimarekani ya ukumbini, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa chini ya paa, hana budi kuanza na vipimo vya uwanja, kwa sababu kazi yote ya mpokeaji hutokana na vipimo hivyo. Uwanja una urefu wa yadi 50, yaani takriban mita 46, na upana wa futi 85, ambazo hazifiki mita 26, huku eneo la kufungia nyuma ya kila mstari wa goli likiwa na yadi 8 tu. Pembeni hakuna nafasi ya kutokea taratibu, bali kuna ukuta uliovikwa mito, na anayekimbia bila kujua ulipo ataufahamu kwa mbavu zake. Jim Foster alichora wazo la mchezo huu juu ya bahasha mwaka 1981, alipokuwa akitazama soka ya ukumbini katika Madison Square Garden, New York, na ligi yake ya Marekani, AFL (Arena Football League), ilianza mwaka 1987 ikiwa na timu 4.

Kila timu huingiza wachezaji 8, na wapokeaji huwa watatu. Hairuhusiwi kuupiga mpira teke ili kuurudisha kwa mpinzani, hivyo timu hutumia majaribio yake yote manne kusonga mbele au kufunga, na kwa kuwa uwanja ni mfupi, majaribio mengi huwa pasi. Katika sheria za AFL, mpira uliorushwa ukagonga wavu ulioning'inizwa nyuma ya goli uliendelea kuchezwa mpaka uguse chini, kwa hiyo mpokeaji aliyesimama kulalamika kwamba pasi imempita alikuwa amekwisha kumwachia mlinzi zawadi. Ligi ya IFL (Indoor Football League), ambayo kwa sasa ndiyo imara zaidi miongoni mwa ligi za ukumbini, haitumii nyavu hizo. Soma kanuni za ligi unayoilenga kabla ya kujenga mazoea.

Jambo linalomtofautisha mpokeaji wa ukumbini na mwenzake wa uwanja mkubwa, na ambalo ningependa ulifanyie mazoezi kuliko jingine lolote, ni mwendo wa kabla ya mpira kuanzishwa. Katika NFL, ligi kuu ya Marekani ya uwanja mkubwa, hakuna anayeruhusiwa kukimbia kuelekea mbele kabla mpira haujatoka mikononi mwa mchezaji wa kati, lakini katika AFL mpokeaji mmoja aliruhusiwa kuuendea kwa kasi mstari wa kuanzishia mpira na kuuvuka mara tu mpira unapoanzishwa. Akifika mapema kwa hatua moja, timu inaadhibiwa; akichelewa hatua mbili, mlinzi amekwisha kujipanga na faida yote imepotea. Kwa hiyo kipaji kinachotafutwa hapa ni kuhesabu hatua, na hilo halihitaji ukumbi wala vifaa vya gharama.

Chukua uwanja wa raga, ambao kutoka mstari wa goli hadi katikati hauzidi mita 50, upime kwa kamba, kisha uchore mipaka kwa majivu au chokaa. Mwombe mwenzako achuchumae na mpira chini, naye auinue wakati wowote apendao bila kukuonya kwa sauti. Anza mita 6 au 7 nyuma yake, pembeni, ukikimbia kwanza sambamba na mstari, halafu ukate kuelekea mbele ukiwa umekazia macho mpira na si mdomo wa mwenzako, kwa maana ukumbi uliojaa watu huwa na kelele zinazomeza sauti ya kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi. Mwenzako wa tatu asimame kwenye mstari na kuinua mkono kila unapovuka kabla ya wakati. Utakosea mara nyingi katika wiki za mwanzo, na wengi hujidanganya kwa kupunguza mwendo ili wasikosee. Afadhali ukosee ukiwa kasi, kisha urekebishe mahali pa kuanzia.

Mikono nayo ina masomo yake. Vijana wetu waliolelewa na raga, hasa wale wanaocheza ile ya wachezaji saba, huja na ujasiri wa kugongwa na mbio za kuyumbisha, lakini wamezoea kukumbatia mpira kifuani, ilhali mpira wa Kimarekani ni mwembamba zaidi kwenye ncha na huja ukizunguka kwa kasi. Udake kwa vidole, mbali na mwili: unapokuja juu ya kifua, vidole gumba vikaribiane, na unapokuja chini ya kiuno, vidole vidogo ndivyo vikaribiane. Waliocheza mpira wa kikapu hujifunza haraka sehemu ya kurukia mpira hewani, ingawa huogopa ukuta. Dawa ya hofu hiyo ni magodoro ya zamani yaliyofungwa imara kwenye ukuta wa matofali, ambayo utayaendea kwanza ukitembea, kisha ukikimbia polepole, ukijifunza kugeuza bega na kulinda kichwa. Kichwa kikigongwa na ukaona kizunguzungu, mazoezi yameisha siku hiyo, na daktari ndiye atakayesema lini utarudi.

Usidharau ulinzi. Mpaka mwaka 2007, wachezaji wengi wa AFL walilazimika kucheza pande zote mbili, hivyo mpokeaji alikuwa pia mlinzi wa nyuma, na Barry Wagner alijipatia heshima yake katika enzi hiyo. Sharti hilo liliondolewa, lakini vikosi vya ukumbini bado ni vidogo, na kocha humpenda mtu anayeweza kuziba pengo.

Kuhusu njia ya kufika huko, nisikufiche: wachezaji wengi wa ligi hizi wametoka vyuo vikuu vya Marekani. Mara nyingi vijana hunitajia Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uganda; Mathias alikuwa mchezaji wa New York Giants ilipotwaa Super Bowl, yaani ubingwa wa NFL, mara mbili; jina ni letu, lakini alizaliwa Indianapolis na kupitia shule na chuo cha Marekani. Mfano ulio karibu zaidi na mwanaraga wa hapa ni Jordan Mailata wa Australia, aliyetoka raga, akapitia mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa, na kuchaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018 bila kuwahi kucheza mechi ya futiboli ya Kimarekani. Ipo pia futiboli ya vitambaa, isiyo na kuangushana, kwani mwenye mpira husimamishwa kwa kunyakuliwa kitambaa cha kiunoni, ambayo itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 na wachezaji watano kila upande, juu ya uwanja ambao nao una yadi 50 kati ya mistari ya goli. Kwa mpokeaji wa ukumbini hiyo ni shule nzuri.

Video yako isizidi dakika 4, ianze na udakaji wako bora, na ionyeshe wazi wewe ni yupi kabla mchezo haujaanza. Andika urefu, uzito na muda wako wa mbio za yadi 40 uliopimwa na mtu mwingine, kwa sababu utapimwa tena siku timu itakapokujaribu.

Viza ya kazi ya mwanamichezo, ijulikanayo kama P-1A, huombwa kwanza Marekani na mwajiri au wakala aliyeko huko, na baada ya idhini ndipo mchezaji huenda kuhojiwa katika ubalozi wa Marekani, Nsambya, Kampala. Kwa hiyo mtu anayekuuzia "nafasi ya timu" jijini Kampala kabla hujaona mkataba anakuibia. Namfahamu kijana aliyeuza bodaboda yake kwa ahadi ya namna hiyo, na leo anaendesha bodaboda ya mtu mwingine.

Mkataba wenyewe usome ukiwa umetulia, pamoja na mwanasheria ikiwezekana. AFL ilifuta msimu wa 2009, iliporejea mwaka 2010 ikawalipa wachezaji dola 400 kwa mechi, ikafilisika tena mwaka 2019, na ilipofufuliwa mwaka 2024 timu kadhaa zilivunjika msimu ukiendelea. Uliza kwa maandishi kama malipo ni ya mechi au ya mwezi, nani atalipia nyumba, nani atalipa hospitali goti likivunjika, na kama timu ikifungwa katikati ya msimu, tiketi ya kurudi Entebbe itatoka mfukoni mwa nani.