Kufungua deskitopu ya Linux iliyo kwenye meinfremu ukiwa Kisumu, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita mvua ya alasiri ilishuka kutoka vilima vya Nandi, na kabla haijafika Kondele stima ikapotea. Kijana ninayemfundisha alikuwa anakompaili programu kubwa kwenye Linux iliyo ndani ya meinfremu (kompyuta kubwa mno inayotumiwa na mashirika kama benki) huko Marekani. Betri ya laptopu yake imechoka, kwa hiyo ikazima papo hapo. Stima iliporudi baada ya saa mbili aliunganisha tena, akakuta madirisha yake yote manne jinsi alivyoyaacha, na kazi imekwisha. Deskitopu haikuwa kwenye laptopu yake. Ilikuwa kule, na kule stima haikukatika.

Mwongozo huu ni wa kukufikisha hapo. Nitatumia Ubuntu, aina ya Linux ambayo imekuwa na toleo la meinfremu tangu 16.04 ya mwaka 2016, pamoja na VNC, programu ya kutazama na kuendesha skrini ya kompyuta iliyo mbali.

Kabla ya kuandika amri yoyote, elewa jambo moja. Meinfremu haina kadi ya michoro wala tundu la kuchomekea skrini yako. Tangu terminali za 3270 (skrini na kibodi za maandishi) zilipotoka mwaka 1971, waendeshaji wake wamezoea kuzungumza nayo kwa maandishi. Ukijaribu kuwasha mazingira ya picha kama unavyofanya kwenye kompyuta ya dukani, Linux itatafuta kadi, itaikosa, na itakata tamaa. VNC inaliepuka tatizo hilo kwa sababu seva yake, Xvnc, huichora skrini nzima ndani ya ramu. Haihitaji kadi. Halafu huzituma zile picha kwako kupitia mtandao, nawe unairudishia kipanya na kibodi. Teknolojia hii ilizaliwa katika maabara moja ya utafiti huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990, na bado inafanya kazi vizuri.

Hatua ya 1: Pata mashine

Kama kazini kwenu hakuna meinfremu, omba nafasi kwenye LinuxONE Community Cloud, huduma ya kutumia meinfremu kupitia mtandao. Mashine zake ziko katika chuo cha Marist, Poughkeepsie, jimbo la New York, na mtu hupewa mashine pepe ya bure kwa siku 120. Ukipewa, utapakua faili la ufunguo lenye mwisho wa .pem. Lihifadhi vizuri, maana ndilo mlango wako wa pekee. Kisha ulifungie ruhusa, la sivyo SSH, programu ya kuingia kwa usalama kwenye mashine ya mbali, italikataa:

chmod 600 ufunguo.pem
ssh -i ufunguo.pem linux1@ANWANI

Badala ya ANWANI weka namba ya IP uliyopewa. Ukiingia, andika:

uname -m

Jibu liwe s390x. Huu ndio usanifu wa meinfremu, na utakuathiri kila siku. Vijana wengi hupakua programu zilizotengenezewa kompyuta za kawaida, wakizifungua wanapata "Exec format error" na kudhani wameharibu mashine. Hawajaharibu kitu. Programu ile imeandikwa kwa lugha ya prosesa nyingine. Tumia kilicho kwenye hazina ya Ubuntu, au kompaili mwenyewe kutoka kwenye msimbo.

Hatua ya 2: Sakinisha deskitopu nyepesi

sudo apt update
sudo apt install xfce4 xfce4-terminal dbus-x11 tigervnc-standalone-server tigervnc-tools

Nimechagua XFCE kwa makusudi. GNOME, deskitopu nyingine, inapendeza, lakini inategemea michoro ya 3D, na pasipo kadi kazi hiyo yote inaangukia prosesa. Utakuwa unachoma nguvu ya meinfremu kuchora vivuli vya madirisha, kisha unalipia bando kuvisafirisha vivuli hivyo hadi Kisumu. Ukiulizwa swali wakati wa usakinishaji, kubali jibu lililopendekezwa.

Hatua ya 3: Nenosiri na faili la kuanzishia

Usitumie sudo hapa. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, andika:

vncpasswd

Nenosiri la VNC la kawaida husoma herufi nane za kwanza tu, zinazofuata hutupwa. Ukiandika sentensi nzima, adui anahitaji kukisia herufi nane peke yake. Kwa hiyo nenosiri hili si ulinzi wa kuutegemea. Ulinzi wenyewe unakuja katika hatua ya 5. Ukiulizwa kama unataka nenosiri la kutazama tu, jibu n.

Sasa tengeneza faili linaloiambia VNC iwashe nini:

mkdir -p ~/.vnc
nano ~/.vnc/xstartup

Ndani yake andika mistari hii minne:

#!/bin/sh
unset SESSION_MANAGER
unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
exec startxfce4

Hifadhi, kisha ulipatie faili ruhusa ya kuendeshwa:

chmod 755 ~/.vnc/xstartup

Hiyo amri ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi. Ikisahaulika, deskitopu inaweza isiwake: ama seva itajifunga yenyewe, ama utabaki na skrini tupu ya kijivu. Nikiitwa kumsaidia mtu mwenye shida hiyo, ndicho kitu cha kwanza ninachokagua.

Hatua ya 4: Washa seva

vncserver :1 -localhost yes -geometry 1280x720 -depth 16

Namba :1 ni skrini ya kwanza, na VNC huhesabu milango (namba ambazo programu hupokelea miunganisho ya mtandao) kuanzia 5900, hivyo skrini hii inasikiliza kwenye mlango 5901. Ukiwasha :2 itakuwa 5902. Neno -localhost yes linaizuia seva isimsikilize mtu yeyote kutoka nje ya mashine yenyewe. Usiliondoe. Na -depth 16 hupunguza rangi ili data iwe nusu ya ile ya kawaida kabla hata haijabanwa. Kwa kuandika msimbo hutaona tofauti ya maana.

Hakikisha imewaka:

vncserver -list

Hatua ya 5: Handaki la SSH

Hapa ndipo naomba uwe makini kuliko popote. Kuna miongozo inayokuambia ufungue mlango 5901 kwenye ukuta wa moto, halafu uunganishe moja kwa moja. Usifanye hivyo hata kwa dakika tano za kujaribu. VNC ya kawaida haisimbi mawasiliano, kwa hiyo kila unachokiandika kinapita wazi, na maneno ya siri ya hifadhidata yamo humo humo. Isitoshe, mtandaoni kuna programu ambazo kazi yake usiku na mchana ni kubisha kila mlango wa 5900 na kuendelea, zikitafuta ulioachwa wazi.

Badala yake, ipitishe VNC ndani ya SSH. Kwenye laptopu yako, si kwenye meinfremu, fungua terminali na uandike:

ssh -i ufunguo.pem -C -N -o ServerAliveInterval=60 -L 5901:localhost:5901 linux1@ANWANI

Terminali itanyamaza. Hiyo ndiyo dalili kwamba imefanya kazi, iache wazi. Sasa mlango 5901 wa laptopu yako ndio mlango 5901 wa meinfremu, na katikati kila kitu kimesimbwa. -C hubana data. ServerAliveInterval hugusa seva kila baada ya sekunde 60 ili kampuni ya simu isikukatie muunganisho kwa kuona uko kimya, jambo linalotokea sana ukitumia mtandao wa simu.

Hatua ya 6: Tazama deskitopu yako

Sakinisha TigerVNC Viewer kwenye laptopu, kisha katika terminali nyingine:

vncviewer -AutoSelect=0 -PreferredEncoding=Tight -CompressLevel=6 -QualityLevel=4 localhost:1

Weka nenosiri lako. Deskitopu ya XFCE ikitokea, fungua terminali iliyo ndani yake na uzime madoido ya madirisha:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Kisha bofya kulia kwenye mandharinyuma na uchague rangi moja isiyo na picha. Mambo hayo mawili pekee yanabadilisha kabisa hali ya kazi kwa mtu anayetumia bando.

Kuhusu kasi, niseme ukweli. Kutoka Kisumu hadi New York ni zaidi ya kilomita 11,000. Mwanga ndani ya nyaya za baharini zinazotua Mombasa husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo muda wa kwenda na kurudi hauwezi kuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na njia halisi ya nyaya ni ndefu kuliko mstari ulionyooka. Utauona ucheleweshaji unapoburuta dirisha. Hakuna bando linaloweza kuuondoa. Unachoweza ni kupunguza safari, na ndiyo maana sikushauri kutumia ssh -X hata kama imekurahisishia kazi kwenye mtandao wa ofisini. Njia ile hurushiana ujumbe mwingi wa kwenda na kurudi kwa kila menyu unayofungua, na muunganisho ukikatika programu nayo inakufa. VNC hutuma picha iliyokwisha kuchorwa, na programu hubaki hai kule.

Shida mbili nyingine ninazokutana nazo

Rangi zimegeuka, nyekundu imekuwa buluu. Prosesa ya s390x hupanga baiti za namba kuanzia kubwa, wakati laptopu yako huanza na ndogo. Itifaki ya VNC ina nafasi maalumu ya kutaja mpangilio huo, lakini baadhi ya programu za kutazamia, hasa za simu, zinaupuuza. Badilisha programu ya kutazamia, au jaribu kuwasha seva upya kwa -depth 24.

Seva inakataa kuwaka ikidai skrini ya 1 inatumika, na wewe una hakika haitumiki. Seva ya VNC ilikufa ghafla na mafaili ya kufuli yakabaki. Yaondoe:

rm -f /tmp/.X1-lock /tmp/.X11-unix/X1

Ukimaliza kwa siku, funga dirisha la kutazamia tu na usiguse kitufe cha kutoka cha XFCE, maana hicho hukifunga kikao chote. Kesho rudia hatua ya 5 na ya 6 peke yake, utaendelea ulipoachia. Siku mradi utakapoisha kabisa, rudisha ramu kwa mashine:

vncserver -kill :1