Kuendesha baiskeli Arabuko-Sokoke mpaka Gede kwa siku moja: pumzi ya tairi, mchanga, ndovu na magofu

Nasikia sana watu wakisema kuendesha baiskeli ya milimani kwataka milima, ati pwani ni tambarare hakuna kitu. Si kweli kabisa. Hapa pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke wa kama kilomita mraba 420, ndo msitu mkubwa kuliko yote ya pwani uliobaki Afrika Mashariki, na ukitoka msituni kilomita chache tu kwa lami uko Gede, mji wa mawe ambao waswahili waliuacha karne ya 17. Milima hakuna lakini mchanga upo, na huo mchanga utakufunza baiskeli kuliko mteremko wowote.

Siku nzima yategemea vitu viwili, pumzi ya tairi na mpangilio wa saa. Ukivipatia hivyo mengine yatajipa.

Tuanze na pumzi. Tairi ikiwa ngumu kama ya barabarani hutaenda popote, itachimba mchanga na wewe utakuwa mtu wa kusukuma baiskeli asubuhi nzima. Tumia tairi pana, inchi 2.2 kwenda juu, na uipunguze upepo ukifika getini, si nyumbani. Kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye tairi isiyo na tyubu, 20 psi (kipimo cha pumzi kwenye geji) yatosha na hata chini yake kidogo, ya tyubu acha kama 25 manake ukishuka zaidi ya hapo ukigonga mzizi rimu inaibana tyubu na kuitoboa mashimo mawili sambamba. Kama huna geji bonyeza kwa kidole gumba, iwe inaingia kidogo lakini ukikaa juu yake isilale mpaka rimu iguse chini. Miba iko mingi, kwa hivyo yule wa bila tyubu aweke dawa ya kuziba ya kutosha, na wa tyubu abebe tyubu mbili, viraka, solosheni na pampu ya mkono. Fundi ndani ya msitu hakuna.

Sasa saa. Fika kituo cha msitu cha Gede mapema, jua likitoka uwe tayari getini. Kituo kiko kando ya barabara kubwa ya Mombasa-Malindi, kabla kidogo ya kufika njiapanda ya Gede ukitokea Kilifi. Msitu wasimamiwa na KFS, shirika la misitu la Kenya, pamoja na KWS, shirika la wanyamapori, na kiingilio ulizia hapo hapo ofisini, weka pesa kwenye simu manake noti mara nyingi hawachukui. Waambie wazi unataka kuingia na baiskeli na wataka kufika wapi, na uchukue mwongozaji. Waongozaji wa msitu huu wana chama chao, ni watu wa vijiji vya hapa hapa na wanajua njia, ndege, na zaidi ya yote wanajua ndovu wamelala upande gani jana. Hapo kwa mwongozaji sina mjadala. Pesa utakayompa ndo moja ya sababu za watu wa pembeni kuuona msitu una faida ukiwa umesimama.

Ukiingia utapita misitu mitatu ndani ya msitu mmoja na kila mmoja waendeshwa kivyake. Kwanza ni msitu wa mchanganyiko, miti mirefu, mibambakofi imo, udongo wa kijivu na kivuli kizuri. Hapa njia imeshikana kidogo, endesha taratibu upashe mwili moto, angalia mizizi, na funga mdomo kidogo uangalie pembeni kwa sababu hapa ndo kwa sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya manjano kama ya dhahabu. Nje ya pwani hii ya Kenya dunia nzima huwezi kumpata, na hukimbia kwa mbio za ajabu akigonga majani makavu, utamsikia kabla hujamwona.

Alafu unaingia kwenye msitu wa miti ya mirihi. Miti imeachana, jua linaingia, na chini mchanga mweupe peee. Hapa ndo wengi hukata tamaa. Mambo ni haya: badilisha gia kabla hujaingia mchangani, si ukishazama, gia nyepesi kiasi lakini si ile ya mwisho kabisa, mguu uzunguke bila kukatika. Rudisha makalio nyuma kidogo gurudumu la mbele liwe jepesi lipae juu ya mchanga. Mikono legea. Baiskeli itayumba, iache iyumbe, ukianza kupigana na usukani ndo unaanguka. Macho yaangalie mbali, mita kumi na tano au ishirini mbele, na ukitaka kukata kona inamia na mwili wala usizungushe usukani ghafla. Breki ya mbele usiiguse kabisa hapa. Na kukiwa na nyasi au majani yaliyoanguka kando ya njia kanyaga hapo, majani hushikilia mchanga. Ukikwama shuka, sukuma mpaka penye ugumu, anza tena, hakuna aibu.

Kwa upande wa magharibi udongo wabadilika ghafla, mwekundu, na miti inakuwa mifupi iliyosongamana kichaka kizito. Ukiwa mkavu huu udongo ni raha, umeshikana na baiskeli yenda yenyewe, unaweza kuongeza mwendo na utataka kuongeza. Ndo hapa pa kuwa na akili. Kichaka hiki hakionyeshi kitu hata mita tano, na baiskeli haina sauti, gari ndovu alisikia toka mbali akaondoka zake lakini wewe unamtokea tu. Ndovu akishtuliwa hapendi. Kwa hivyo hapa ongea, pigeni stori na mwenzio kwa sauti ya kawaida, mwongozaji awe mbele, kwenye kona punguza mwendo. Ukiona kinyesi bado kina unyevu na inzi wamejaa, au tawi limevunjwa na majani yake hayajanyauka, simameni wote. Mwongozaji ataokota vumbi aliachie hewani kuona upepo waenda wapi, na akisema turudi ni kurudi, hakuna kubembeleza hata kama umebakisha kidogo kufika. Ukimwona ndovu usipige kengele wala usitoe simu kupiga picha, shuka, geuza baiskeli polepole, ondokeni kwa njia mliyojia.

Lengo la upande huu ni Nyari, pale juu penye ukingo wa udongo mwekundu ambapo unaona msitu wote chini yako na nyuma yake bahari. Pumzika hapo, kula. Mahamri na mbaazi za kufungwa vizuri zinashinda biskuti zote za kizungu za wanamichezo, na maji usipungue lita tatu kila mtu, joto la huku si la mchezo hasa wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi. Kipindi cha masika, Aprili hadi Juni, sikushauri upande mwekundu kabisa, udongo unanata kwenye magurudumu mpaka hayazunguki. Baada ya mvua ndogo lakini, mchanga mweupe unakuwa mzuri zaidi, unashikana, hiyo ndo siku ya kuwahi.

Kwenye njia za pembeni ya msitu utakutana na watu wa vijijini na baiskeli zao kubwa zimebeba madumu ya maji au kuni. Wao ndo wana haki ya njia. Yeye akisimama na mzigo wa kilo mia mchangani hawezi kuanza tena kirahisi, wewe shuka kando, salimia, mpishe.

Uwe umetoka msituni kabla jua halijapanda utosini. Jaza tairi tena hapo getini mpaka 35 hivi, shika lami uelekee Gede, na hii sehemu fupi ndo ya hatari kuliko ndovu manake matatu na malori ya Malindi hayana huruma, kaeni mstari mmoja, nguo ya kung'aa. Njiapanda kunywa dafu. Alafu kulia, njia ya Watamu, magofu hayako mbali.

Saa za mchana kali Gede ndo kwenyewe, kwa sababu mji wote umefunikwa na miti mikubwa na ndani ni baridi. Baiskeli ifunge nje getini. Kuna watu huuliza kama waeza kupita nayo ndani, hapana, zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa za miaka mia sita, na kuna misikiti na makaburi ya watu. Usipande ukuta kwa ajili ya picha. Serikali ililinda mahali hapa toka 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akachimba kuanzia 1948 mpaka 1958, na 2024 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Usikimbie. Anza na kaburi lenye tarehe, lile limeandikwa mwaka 802 Hijria kwenye lipu yake, yaani 1399, hilo ndo limesaidia kujua umri wa vingine vyote. Nenda msikiti mkubwa uangalie kisima chake, jinsi kilivyochimbwa kikaongezwa kina, manake moja ya sababu zinazotajwa za watu kuhama ni maji kuzidi kushuka chini. Ukitoka jua kali na chupa yako imeisha, hicho kisima utakielewa vizuri. Alafu nyumba, zimepewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani yake, Nyumba ya Mkasi, ya bakuli la kaure, ya ushanga wa Venice. Mji ambao Wareno hawakuwahi hata kuutaja ulikuwa unakula kwenye kaure za China! Makumbusho madogo hapo ndani yana hivyo vitu, pitia. Kima wapo wengi, ndizi yako ifiche na usiwalishe. Na hapo hapo uwanjani kuna Kipepeo, mradi wa toka 1993 ambapo wanakijiji wa kando ya msitu wanafuga vipepeo na pupa zao, yaani wakiwa bado ndani ya ganda kabla hawajawa vipepeo, zinauzwa nje, ingia uone, pesa inarudi kwa watu wa msitu uliotoka kuuendesha asubuhi.

Kama miguu bado ina nguvu, alasiri rudi upande wa Mida, mkono wa bahari wenye mikoko, ng'ambo ya barabara kutoka msituni. Kuna daraja la mbao la kutembea juu ya mikoko, uliza maji yanajaa saa ngapi manake yakianza kujaa ndege wanasogezwa karibu na wewe. Mpaka darajani waendesha, juu ya daraja watembea.

Usiku huo huo, kabla ya kula, osha baiskeli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Usitumie mashine ya kurushia maji kwa nguvu, yaingiza mchanga kwenye bearingi. Cheni isugue na brashi ya meno ya zamani mpaka mchanga uishe, ikauke, alafu oili tone moja kila pingili na ufute inayobaki nje. Ukiiacha mpaka asubuhi na chumvi ya Mida utaikuta imeshaota kutu.